Tosta Niliyoipitisha Nikiwa na Patipati

Mimi ni mwoga. Nawaambia mapema, ninyi vijana mnaoanza kusimama nyuma ya kaunta za maduka ya vyombo vya umeme, ili mkinisikia natetemeka katikati ya habari hii msidhani ni uzee. Niliogopa umeme siku ya kwanza niliyoingia kazini, nikauogopa kwa miaka karibu thelathini, na siku ya kustaafu, nilipopewa zawadi ya saa ya ukutani ya kutumia stima, niliirudisha nikaomba ya betri. Wenzangu walicheka. Mimi nilikwenda zangu nyumbani Kisian nikiwa na vidole vyangu vyote kumi.

Kazi yangu ilikuwa kujaribu. Mnajua kwetu Kisumu mtu hanunui pasi, balbu wala birika la stima akaondoka nalo hivi hivi. Linafunguliwa mbele yake, linachomekwa, anaona limewaka, ndipo risiti inaandikwa, na chini ya risiti pana maneno kwamba kilichojaribiwa hakirudi. Aliyekuwa akichomeka ni mimi. Wateja waliniita Mama Testi, na mpaka leo nikipita sokoni kuna watu ambao hawajui jina langu jingine.

Aliyenifundisha ni Fundi Opiyo, mzee mfupi aliyekaa chumba cha nyuma akitengeneza vile vilivyorudi ingawa risiti ilikataa visirudi. Kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto kilikuwa hakisikii moto wala baridi, na alikuwa akikitumia kukoroga chai ili tu kunitia kichefuchefu. Siku yangu ya kwanza alinikuta nikigusa bati la jiko la umeme kwa mgongo wa mkono, jinsi nilivyoona mafundi wengine wakifanya.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Sijasikia kitu, Mzee."

"Ehe. Na umesimama wapi?"

Nikatazama chini. Nyuma ya kaunta palikuwa na jukwaa la mbao, juu ya mbao kipande cha mpira, na juu ya mpira viatu vyangu.

"Mkono wako unaongea ukweli wa viatu vyako," akasema. "Huyu mama ananunua hii kitu ataenda kusimama kwa simiti, amepiga deki, miguu chini. Simama pale yeye atasimama. Kama unaogopa kusimama pale, usimuuzie."

Kisha akanionyesha taa yake. Ilikuwa balbu ya kawaida kwenye kishikilio, yenye nyaya mbili ndefu. Waya mmoja aliufunga kwenye bomba la maji. Wa pili aliugusisha kwenye bati la chombo kikiwa kimechomekwa. Balbu ikikaa giza, vizuri. Balbu ikiwaka, hata kama ni kidogo, ujue stima imetoka ndani imekuja kukaa kwenye bati inamngoja mtu, na chombo hicho kinarudi kwenye boksi. Taa ile aliniachia alipoondoka kazini. Ninayo bado. Kwa miaka yote hakuna chombo cha bati kilichopita mbele yangu bila taa hiyo, isipokuwa kimoja, na hicho ndicho ninachotaka kuwaambia.

Lakini kwanza tosta yenyewe, maana watu bado wananisimamisha njiani kuniuliza tosta gani ya bei nafuu inafaa nyumbani. Katika vyombo vyote vya jikoni hicho ndicho nilichokiogopa zaidi. Pasi imeficha nyaya zake. Birika vilevile. Tosta peke yake ndiyo inakuonyesha moto wake ukiwa uchi na kukuambia weka chakula hapa, na mkate ukikwama, mtu wa kwanza anayeingiza uma ni yule yule aliyekuapia dukani kwamba anajua kuitumia.

Ya bei nafuu si lazima iwe mbaya. Inyanyue kwanza. Ikiwa nyepesi mno hata unaweza kuirusha na kuidaka, iache. Shusha mkono wake mara kumi bila mkate. Ukilegea mara ya saba dukani, nyumbani utalegea wiki ya pili. Choma mkate wetu huu wa kawaida wa dukani, usichome mkate wa kwenye picha ya boksi, kisha utazame pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa mweusi na mwingine mweupe, kuna waya wa moto umekufa kabla hujainunua. Bonyeza kitufe cha kusitisha katikati ya kuchoma, na kisipositisha, usisikilize maelezo ya muuzaji. Harufu ya mpira mara ya kwanza ni kawaida, mara ya tatu si kawaida. Chini kuwe na trei ya makombo inayovutika, la sivyo mende watahamia. Nimewahi kufungua tosta ya mama mmoja wa Kondele aliyelalamika kwamba inanuka, nikakuta ukoo mzima humo, babu mpaka vitukuu, wameokwa. Na mwanafunzi mmoja wa Maseno aliniletea ya kwake aliyoilaza ubavu ili kupashia samaki. Nilimuuliza ni samaki gani. Akaniambia, "Mama, kwani kuna samaki aliyekatazwa?" Nilicheka.

Halafu waya. Hapo ndipo pana kifo. Tosta ya bati inataka waya wenye nyuzi tatu ndani, ule wa tatu wa kupeleka chini stima iliyopotea njia. Nyingi za bei nafuu zinakuja na pini mbili. Duka linakata, linafunga plagi ya pini tatu, mteja anafurahi. Pini ya tatu isiyo na waya nyuma yake ni mapambo tu. Au mtu anabeba ile ya pini mbili mpaka nyumbani, soketi ya ukutani inaikataa, na yeye anafanya lile ambalo sote tunalifanya: anatoa kifuniko cha biro, anakisukuma kwenye tundu la juu, soketi inafunguka na pini mbili zinaingia. Nimegombeza watu kwa sababu ya kifuniko cha biro mpaka sauti ikanikauka. Nimegombeza mapadri.

Sasa nisikilizeni.

Binti yangu Awuor ameolewa Ahero, kwa kijana anayeitwa Ouma, mkulima wa mpunga, mtu mpole. Walikuwa na miaka miwili katika ndoa. Kwetu, kama hamjui, mama mkwe haingii nyumba ya mkwewe kwa sababu tu amepita njia hiyo. Kuna siku yake. Anapelekwa na wanawake wenzake, anapokelewa kwa heshima, anakula, na baada ya hapo ndipo anaweza kusema amefika. Siku yangu ilikuwa bado. Mara mpunga ulikuwa haujavunwa, mara kulikuwa na msiba, mara mafuriko. Kwa hiyo nyumba ya mwanangu sikuwa nimeiona ndani, na Ouma nilikuwa nimesalimiana naye kwa mbali tu, yeye akitazama chini na mimi nikitazama pembeni. Hata namba yake ya simu sikuwa nayo. Ningeitakia nini?

Mvua zilipoanza kukolea Awuor alikuja kunitembelea Kisian.

"Mama, nataka ile kitu ya kuchoma mkate," akasema. "Lakini ya bei ya chini. Wewe ndio Mama Testi, nichagulie."

Tulikwenda mjini, dukani karibu na stendi. Nilinyanyua, nikashusha mkono mara kumi, nikanusa, nikamsumbua binti wa kaunta mpaka akaacha simu yake. Nilipata tosta ndogo ya bati linalong'aa, pini mbili, inayochoma sawasawa pande zote. Nilijua hizo pini mbili ni kasoro. Nilijiambia nitaifunga waya mpya wa nyuzi tatu nyumbani. Nikanunua mbili zinazofanana, yake na yangu.

Nyumbani waya mpya haukuwepo. Na taa ya Fundi Opiyo ilikuwa uvunguni, nyuma ya gunia la mahindi. Matatu ya Awuor ya kurudi Ahero ilikuwa karibu kuondoka, mawingu yalikuwa meusi upande wa Kano, na yeye amekwisha kujifunga leso kichwani.

"Mama, si uguse tu kwa mkono vile mafundi wanafanya? Wewe na hiyo mkono yako."

Hiyo mkono yako. Nilisikia utamu. Mtu akistaafu hasifiwi tena na mtu yeyote, na sifa ndogo inampanda kichwani. Nikachomeka tosta yake pale verandani, kwenye soketi ya zamani ya pini mbili, nikiwa nimevaa patipati za mpira na nimesimama juu ya kapeti, nikapitisha mgongo wa mkono kwenye bati. Nilisikia kitu. Sitawadanganya. Kilikuwa kidogo sana, sisimizi mmoja anavuka ngozi. Nikajiambia ni jasho.

"Iko sawa," nikasema. "Peleka." Ya kwangu niliisukuma kabatini bila hata kuichomeka.

Siku tatu baadaye, jioni, Awuor alipiga simu. Sauti ilikuwa ikikatika. "Mama, huku tuko sawa, lakini stima imepotea tangu mvua ya juzi. Maji imeingia mpaka jikoni, tunatembea tu kwa matope. Simu inaisha cha..." Ikaisha. Sikujali sana. Ahero na maji ni majirani wa zamani.

Asubuhi nilipiga deki jikoni kwangu. Kuna mvuke mzuri unaotoka kwenye simiti iliyolowa kukiwa na jua, nikasikia raha, nikasema leo nami nionje mkate wa kuchoma kama matajiri. Nikaitoa tosta yangu kabatini. Soketi ikakataa pini mbili. Nami, mimi niliyegombeza mapadri, nikachukua kifuniko cha biro. Nikachomeka, nikawasha, nikashika tosta niivute karibu. Miguu ilikuwa chini.

Sijui niseme nini kuhusu kile kipigo. Mkono haukuwa wangu tena. Meno yaligongana, kitu kikanipanda mpaka kifuani kikakamata pale moyo ulipo, na nadhani kilichoniokoa ni kwamba nilianguka nyuma, maana miguu iliteleza kwenye maji ya deki na uzito wangu ukauvuta mkono. Nililala sakafuni nikitazama dari. Niliwaza jambo moja tu: zilikuwa mbili.

Nilipoweza kusimama nilivaa viatu, nikazima ukutani kwa mpini wa ufagio, nikavuta gunia la mahindi, nikatoa taa. Waya mmoja kwenye bomba. Nikawasha tena. Wa pili kwenye bati. Balbu iliwaka kama ya sebuleni. Ningeweza kusomea gazeti. Na ile ya Awuor ilitoka duka lile lile siku ile ile, na nilikuwa nimesikia sisimizi.

Nikapiga simu. Mteja hapatikani. Nikapiga tena mpaka kidole kikauma. Mteja hapatikani. Niliketi juu ya gunia nikaanza kulia kwa sauti kubwa kama mtu aliyefiwa, kisha nikajikemea, maana hakuna aliyekufa. Bado. Stima ilikuwa imepotea, na stima ikiwa imepotea tosta ni kopo tu. Lakini ingerudi. Mafundi wa stima wangepanda nguzo saa yoyote, na mwanangu alikuwa anatembea pekupeku ndani ya maji jikoni kwake, na kile kitu nilimpa mimi, nikamwambia kiko sawa.

Nikatia taa kwenye mkoba, nikaenda barabarani, nikapanda matatu ya Ahero. Sikubadilisha hata leso.

Njia nzima nilikuwa nikitafuta stima, kwa jinsi mwingine angetafuta mtoto aliyepotea, ila mimi niliomba nisiipate. Kisumu ilikuwepo, taa za maduka zinawaka mchana, nikazichukia. Tulipopita mjini tukaingia tambarare za Kano, nikaanza kusikiliza. Ahero senta, kinyozi alikuwa ameketi nje amekunja mikono. Vijana wa kuchomelea vyuma walikuwa wakicheza bao. Redio hakuna. Nilifurahi kuona watu wazima wamekosa kazi, Mungu anisamehe.

Nilichukua boda kuingia ndani. Barabara ilikuwa nusu maji.

"Mama, unakimbia nini hivi?" kijana wa boda akaniuliza. "Niende polepole tusianguke."

"Nakimbia stima."

"Hiyo haiko. Leo ni siku ya nne. Ile mashine ya kusaga posho ya hapa karibu ikianza kuunguruma ndio utajua imerudi. Sisi wote tunangojea hiyo."

Basi nikajua cha kusikiliza. Mashine ikinyamaza, Awuor yuko hai. Niliendelea kujiambia hivyo mpaka tulipofika, na mashine ilikuwa kimya.

Ouma alikuwa mbele ya nyumba akichimba mfereji kwa jembe, suruali imekunjwa, matope mpaka magotini. Aliinua macho akaniona langoni. Ninyi mkicheka, chekeni, lakini nimewahi kuona watu wakikutana na nyoka wakiwa na uso mtulivu zaidi. Jembe lilianguka. Alikimbia nyuma ya nyumba, akarudi amevaa shati, vifungo vimepishana, amebeba kiti. Alikiweka mbali na mlango, karibu na ua, mahali pakavu kidogo.

"Mama, karibu. Karibu sana, Mama. Kuna... kuna msiba?"

"Hapana, Baba. Hakuna."

"Basi keti kwanza, Mama. Upumzike."

Hakuna mtu kwetu anayeulizwa haja yake kabla hajapumzika, na hakuna mama mkwe anayefika akaanza kumpigia mkwe kelele kuhusu vyombo vya jikoni mwake. Ouma akageuka kuelekea nyumbani akaita, "Awuor! Mama amekuja! Weka chai!" Nikasikia mlio wa furaha ndani, kisha sufuria. Mwanangu alikuwa hai. Nikaketi. Mashine ya posho kimya. Nilijiambia: tulia, mwanamke. Hakuna stima. Awuor atatoka kunisalimia, utamwambia taratibu, ataileta nje ukaondoka nayo, na hakuna atakayejua kwamba uliogopa.

Lakini Awuor hakutoka. Nilisikia akihangaika ndani, vikombe, kabati likifunguliwa. Ouma alisimama kwa mbali akiniuliza kuhusu mvua za Kisian. Nilijibu sijui nini.

Kisha mashine ikaanza. Ilianza chini, ikapanda, ikaunguruma. Mahali fulani redio ikapiga kelele. Na balbu ya veranda ya Ouma, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikawaka juu ya mlango.

"Mama!" Ouma akasema akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Umekuja na stima!"

Nilisimama. "Awuor!" nikaita. "Awuor, njoo nje!"

"Nakuja, Mama!" Sauti yake ilikuwa na raha ambayo bado naisikia. "Ngoja kidogo, nakuchomea mkate!"

Sikumbuki uwanja. Nakumbuka nimempita Ouma, nimekanyaga mfereji wake, na nakumbuka mlango, kwa sababu mguu wangu ulisita pale. Naona aibu kusema hivyo. Mwanangu yuko ndani na mguu unasita kwa sababu ya kizingiti. Kisha nikaingia nyumba ya mkwe wangu bila kupelekwa, bila kupokelewa, nikipiga mayowe.

Jikoni kulikuwa na maji ya kufunika kisigino. Awuor alikuwa amesimama ndani yake pekupeku, gauni amelichomeka kiunoni. Tosta ilikuwa mezani, mpya kabisa, na kwenye soketi, juu ya zile pini mbili, niliona kifuniko cha biro cha buluu. Mkate ulikuwa umekwama, moshi umeanza. Mkononi alikuwa na uma. Mkono mwingine ulikuwa unakwenda kuishika tosta isiteleze.

"Usiguse!"

Ile sauti sikuwa nimeitumia tangu alipokuwa mdogo akitambaa kuelekea jiko la makaa. Mwili wake uliikumbuka kabla ya kichwa. Aliganda vilevile, mkono hewani, kati ya vidole na bati hapangepita biro yenyewe. Nilipiga swichi ya ukutani kwa mkoba. Ikazima. Nikachomoa. Kisha nikaketi pale pale chini, ndani ya maji, nikamshika miguu.

"Mama, ni nini? Mama, wuololo, unanitisha."

Aliyeongea ni Ouma, nje. Alikuwa amefika mpaka mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe na hawezi kuingia, maana mama mkwe yuko ndani. "Awuor?" akasema kwa sauti ndogo. "Mama ameanguka? Nije? Au nisije?"

Hapo ndipo nilianza kucheka na kulia pamoja. Nikamwambia asije, lakini atafute chuma chochote akidunge kwenye ardhi yenye maji pale nje. Nilitoa taa ya Fundi Opiyo. Awuor nilimvalisha gambuti na kumpandisha juu ya kiti. Tosta nikaiweka juu ya meza kavu ya sebuleni, waya mmoja nikaufunga kwenye bati kabla ya kuchomeka, na balbu na ule waya mwingine nikampitishia Ouma mlangoni tukiwa hatutazamani. Aliufunga kwenye chuma chake. Nikawasha.

Balbu iliwaka mikononi mwake, mchana, mpaka alifumba macho.

Niliizima mimi. Kisha akasema kutoka nje, bado anatazama chini, "Mama, siku ileile ilikuja nilitaka kuitumia. Nilikuwa nimeshasukuma hicho kifuniko ya biro. Awuor ndiye alikataa. Akaitoa, akaifunika kitambaa pale kwa kabati. Alisema mkate wa kwanza ni wa Mama, siku Mama atakuja."

Nilimgeukia Awuor. Alikuwa juu ya kiti na gambuti zake, anafuta machozi kwa kiganja. Kwa hiyo nilipofika langoni, na mkwe akaita kwamba Mama amekuja, ndipo ilipotolewa chini ya kitambaa. Kuningoja mimi kulikuwa kumewalinda, na kufika kwangu ndiko kulikotaka kumuua. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na sijapata mahali pa kuliweka.

Watu wa kwao Ouma walinuna kwa kuwa nilivuka mlango wao kabla ya siku yangu. Wazee walizungumza, wakakubaliana kwamba siku yangu rasmi iharakishwe kabla sijaingia tena kwa kelele. Mavuno yalipokwisha nilipelekwa, na wanawake wenzangu, nikiwa na nguo iliyopigwa pasi. Nilibeba zawadi kama inavyotakiwa. Ilikuwa tosta nyingine ya bei nafuu, nzito kidogo, waya wa nyuzi tatu, plagi ya pini tatu niliyoifungua mimi mwenyewe kuona kama pini ya tatu ina kazi. Ouma alikuwa amemwita fundi akaifunga soketi yake waya wa chini. Vifuniko vya biro, aliniambia, amevitupa vyote, hata vya kalamu nzima.

Nilifunga taa mbele ya wageni wote, mama mmoja akauliza kama tunafanya maombi. Nikawasha. Balbu ilikaa giza. Nikangoja. Ikakaa giza.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha, na ninyi mwishie hapo hapo, mkono si kipimo. Lakini mimi nilikuwa na langu. Awuor alikuwa amepiga deki jikoni kwa ajili yangu, simiti bado inang'aa maji. Nilivua viatu mlangoni, nikaenda nikasimama pale alipokuwa amesimama yeye siku ile, nyayo chini, baridi inanipanda. Nilimwambia asogee nyuma yangu. Niliogopa kiasi kwamba wenzangu walidhani naugua. Kisha nikaigusa kwanza mimi, nikashika bati kwa kiganja kizima, nikamwambia alete mkate.